Taa za Sola Ziwa Tanganyika: Nani Anakula Faida ya Mafuta Yasiyonunuliwa?

Mabishano kuhusu taa za sola katika mialo ya Kigoma, yaani fukwe ambako vyombo vya uvuvi hutia nanga, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi vijiji vya kusini, mara nyingi huanzia pasipofaa. Mmoja anasema karabai, zile taa za mafuta zenye pampu, zimepitwa na wakati, mwenzake anajibu kwamba taa za sola ndizo zinazomaliza dagaa. Wote wawili wanaizungumzia taa kana kwamba inakwenda majini peke yake. Msimamo wangu ni huu: taa ya LED inayotumia betri ni bora kuliko karabai karibu kwa kila kipimo, na hasara inazowaletea watu zinatokana na makubaliano ya zamani ambayo hayakuguswa siku taa zilipobadilishwa. Mgao wa pesa ya mauzo umebaki ule ule, kila mtu anaongeza taa kadiri ya mfuko wake, na hakuna aliyekaa na wenzake kuamua betri ikifa itakwenda wapi.

Nianze na kazi yenyewe, kwa ajili ya walio mbali na ziwa, ambao dagaa wa Kigoma wanamjua akiwa sahani­ni na mawese tu.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mchana hushuka kilindini kuwakwepa samaki wanaowala, usiku hupanda juu kufuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Mwanga unavikusanya vijidudu, dagaa wanavifuata, na migebuka nao wanawafuata dagaa. Ndiyo maana uvuvi huu ni wa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga unatapakaa juu ya maji yote na taa inakosa cha kuvuta, hivyo vyombo hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Zamani ulikuwa moto wa kuni mbele ya mtumbwi, ikaja karabai, sasa ni LED. Kanuni ni ile ile.

Kwenye kipe, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, taa huning'inizwa juu ya maji, dagaa wanaachwa wakusanyike kwa saa kadhaa, wavu unashushwa chini yao, kisha unavutwa juu kwa kamba. Ufundi wote uko kwenye dakika za mwisho kabla ya kuvuta. Taa za pembeni zinazimwa moja moja, inabaki ya katikati, nayo inafifishwa taratibu hadi kundi lote libanane chini ya mwanga mdogo. Karabai ilifanya hivyo kwa urahisi: unalegeza skrubu ya hewa, presha inashuka, mwanga unafifia wenyewe. Taa ya LED yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu haiwezi. Ukiizima ghafla dagaa wanatawanyika, na kazi ya saa tatu inapotea kwa sekunde. Kwa hiyo angalau taa moja, ile ya katikati, iwe na kifaa cha kupunguza mwanga kidogo kidogo, kile chenye kitufe cha kuzungusha. Ni kifaa cha bei ndogo kinachofungwa kati ya betri na taa. Vyombo vingi vinavyolalamika kwamba LED "haikamati" vina tatizo hili, na mwanga wenyewe hauna kosa.

Sasa hesabu. Karabai ya kawaida ina tangi la lita moja linalokaa takriban saa nane. Usiku wa saa kumi ni lita moja na robo kwa taa moja. Chombo chenye karabai sita kinachoma lita 7.5. Tuseme lita ni shilingi 3,000, ingawa kila mwalo una bei yake na vijiji vilivyo mbali na barabara hulipa zaidi: hiyo ni 22,500 kwa usiku, na kwa usiku ishirini wa giza ni 450,000 kwa mwezi. Bado hujagusa utambi unaopasuka boti ikigonga wimbi, kioo, spiriti ya kuwashia, na washa ya ngozi ya pampu. Mafuta ya taa hayajawa rahisi tangu bajeti ya 2011/12 ilipopandisha ushuru wake ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Uamuzi ule ulikuwa na sababu nzuri kwa wenye magari, lakini wavuvi na kaya zisizo na umeme ndio waliobeba mzigo.

Upande wa pili, taa ya LED ya wati 10 iliyotengenezwa vizuri inatoa mwanga unaolingana au kukaribiana na karabai iliyotunzwa. Taa sita ni wati 60, kwa saa kumi ni wati-saa 600. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya karibu uniti kumi za umeme, na sehemu kubwa mno inaishia kuwa joto linalomchoma kijana anayeshika taa. LED inafanya kazi ya usiku mzima kwa takriban moja ya mia ya nishati ya mafuta ambayo karabai ingechoma usiku huo. Faida haiishii kwenye pesa. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa, iliyowekwa chini ya kitanda, mtoto akainywa, ni jambo linalojulikana katika kila zahanati ya kijiji cha wavuvi. Karabai inayolipuka kwenye mtumbwi wa mbao haina wa kuizima. Taa ya betri inaondoa yote mawili.

Betri ya risasi, ile ya kawaida yenye bamba za madini ya risasi na maji ya tindikali, haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo wati-saa 600 zinahitaji betri ya wati-saa 1,200, yaani volti 12 na ampea-saa 100. Kuijaza kwa jua: Kigoma tuhesabu saa tano za jua kamili kwa siku, tuondoe asilimia thelathini inayopotea kwenye waya, joto na betri yenyewe. Gawanya 600 kwa 3.5, unapata wati 171. Nunua paneli ya wati 200. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu yatakupunguzia, na hapo chombo kizime taa moja au mbili badala ya kuikamua betri. Anayekaa karibu na nguzo ya umeme anaweza kuijaza kwa chaja ya ukutani. Itakula chini ya uniti moja, yaani shilingi mia chache.

Tatizo la kwanza mwaloni ni betri ya gari. Inapatikana kila duka na bei yake inavutia, lakini imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Bamba zake ni nyembamba. Ukiikausha kila usiku hadi taa ziwe nyekundu, itakufa ndani ya miezi michache. Betri ya sola yenye bamba nene, ikishushwa hadi nusu tu, hufanya kazi kwa mizunguko mia kadhaa ya kuchaji na kutumia. Kwa usiku 240 kwa mwaka, tegemea miaka miwili. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma-fosfati inafikia mizunguko 2,000 na zaidi, ni nyepesi, na inavumilia kushushwa hadi asilimia themanini, ila inahitaji kontrola, kile kifaa kinachoongoza uchajiaji kutoka kwenye paneli, iliyopangwa kwa ajili yake. Mwenye mtaji aende huko moja kwa moja.

Pima kwa mita ya volti na ampea kabla ya kubishana na muuzaji. Betri ya risasi iliyopumzika saa chache ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha. Ipime kwa mzani pia: ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 28 hadi 30. Ikiwa na kilo 18, maandishi yaliyo juu yake ni ya uongo. Paneli nayo ina kipimo chake cha macho. Wati 100 halali zinahitaji eneo la karibu nusu mita ya mraba, na mita ikiunganishwa kwenye nyaya zake saa sita mchana penye jua isome ampea tano na ushei. Na zile taa za mkononi zilizoandikwa "20000mAh": fungua mfuniko uhesabu vijibetri vilivyomo. Kimoja cha saizi ya kidole gumba kina ampea-saa mbili hadi tatu kwa volti 3.7. Vikiwa vinne, taa ya wati 10 itawaka saa nne, basi. Wavuvi wengi wamepoteza pesa hapo wakaamini teknolojia nzima ni utapeli.

Kuna kosa moja la hapa kwetu ambalo linaua betri nyingi kuliko jua na mvua. Maji ya betri yakipungua, mtu anachota ziwani. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa kunywa na maangavu kwa macho, lakini yana madini mengi, magnesiamu ikiwemo, na kiwango chake cha pH kinakaribia 9. Ukiyatia kwenye betri, madini yale yanabaki humo na kuharibu bamba. Tumia maji maalumu ya betri ya dukani tu, yaliyokenekwa (distilled), jaza hadi sentimita moja juu ya bamba, na usiongeze tindikali hata siku moja. Tindikali haipungui kwa uvukizi, kinachopungua ni maji.

La pili linahusu mwezi. Vyombo vikirudi usiku wa mwisho wa giza, betri inabebwa ikiwa nusu au tupu, inawekwa kibandani, na inakaa wiki nzima ya mbalamwezi hivyo hivyo. Ndani yake bamba zinavishwa utando mgumu mweupe usioondoka kwa kuchaji kwa kawaida, na kila mwezi uwezo unapungua. Siku ya kwanza ya mapumziko ndiyo siku ya kuijaza kabisa, hadi volti 14.4 kwenye kontrola, kisha iachwe kwenye paneli. Jambo hili limekuwa kubwa zaidi sasa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Betri ya risasi iliyokaa miezi mitatu ikiwa tupu bila kuchajiwa ni ya kuuza kwa kilo. Mwenye paneli aiunganishe tu nyumbani, iwashe taa za watoto wanaosoma, ichajiwe kila siku. Itafaidisha familia na itafika Agosti ikiwa nzima.

Waya nazo zisidharauliwe. Ampea tano zikipita kwenye waya wa milimita za mraba 1.5, mita kumi kwenda na kumi kurudi, zinapoteza karibu volti 1.2. Taa za mwisho zinafifia na nahodha anadhani betri imekwisha. Waya wa milimita za mraba 4 unapoteza chini ya nusu volti. Fyuzi ya ampea 10 iwekwe kwenye nyaya chanya, karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika kwenye ukingo wa mtumbwi fyuzi ikatike kabla mbao hazijashika moto. Viungo vilehemiwe, vivishwe mpira, vichwa vya betri vipakwe grisi. Kusokota nyaya na kufunga nailoni kunakaa hadi wimbi la kwanza. Betri ikae kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa matundu madogo, chini, katikati ya chombo, ifungwe kamba. Matundu ni ya lazima kwa sababu betri ya risasi inatoa gesi inayowaka. Ndoo iliyozibwa kabisa ni hatari kuliko karabai.

Hayo ni ya fundi, na fundi yeyote makini ataafiki. Ninalotaka lijadiliwe zaidi ni la mgao.

Utaratibu uliozoeleka katika vyombo vingi ni kwamba pesa ya mauzo inatolewa gharama za safari kwanza, kinachobaki kinagawanywa nusu kwa tajiri, yaani mwenye chombo, na nusu kwa wavuvi. Tuseme usiku mmoja umeleta 400,000. Petroli 40,000, mafuta ya taa 22,500. Inabaki 337,500, nusu ya wavuvi ni 168,750, na wakiwa sita kila mmoja anapata 28,125. Tajiri sasa ananunua taa za sola. Mafuta ya taa hayanunuliwi tena, lakini kwenye daftari unabaki mstari unaoitwa "taa", na bado unakatwa 22,500. Wavuvi wanapata 28,125 ile ile. Tajiri anapata nusu yake na 22,500 juu, kila usiku, hata baada ya vifaa kurudisha bei yake.

Simlaumu tajiri kwa kutaka mtaji wake urudi. Alitoa pesa, na betri ikianguka majini hasara ni yake. Lakini gharama halisi inahesabika. Kama seti nzima ya taa, betri, paneli, kontrola na waya ilinunuliwa kwa 1,200,000 na inatarajiwa kufanya kazi usiku 480, gharama ya taa kwa usiku ni 2,500. Hiyo ndiyo ikatwe. Tofauti ya 20,000 inaingia kwenye kapu la kugawana: 10,000 kwa tajiri, 10,000 kwa wavuvi, karibu 1,670 kwa kila mtu. Kwa usiku ishirini ni zaidi ya 33,000 kwa mwezi kwa kila mvuvi, na tajiri naye anapata 200,000 zaidi ya awali huku mtaji wake ukirudi. Hakuna aliyeibiwa. Kinachotakiwa ni kikao kimoja kabla vifaa havijanunuliwa, risiti ziwekwe mezani, na katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, aandike kiasi cha kukata na tarehe ya kukipitia upya. Baada ya vifaa kununuliwa ni vigumu sana. Kijana wa kuvuta kamba hawezi kumwambia tajiri wake "mzee, nionyeshe risiti" wakati wapo wengine kumi ufukweni wanaosubiri nafasi yake.

Kuna watu ambao hawamo kwenye mgao wowote na teknolojia imewagusa. Fundi karabai, aliyekuwa na boksi lake la washa na nozeli, kazi yake imekwenda na mafuta. Huyu ndiye anayefaa zaidi kuwa fundi wa sola, kwa kuwa tayari anajua vyombo, anajua wimbi linafanya nini, na anaaminika. Anachohitaji ni mita, chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemu, koleo, na wiki chache za kukaa na mtu anayejua. Chombo kinachobadilisha taa kingemlipia hivyo kama sehemu ya bei ya seti, kingejipatia fundi wa jirani badala ya kupeleka taa mjini kila inapozima.

Na kuna kina mama wa kuanika. Mafuta ya karabai yalikuwa pia kama saa ya kupimia muda. Yakiisha, safari imefika ukingoni. LED haina mwisho huo, na nahodha anayetaka kushusha wavu mara moja zaidi anaweza, hadi kunapambazuka. Chombo kikifika saa nne badala ya saa moja asubuhi, mama amepoteza jua la asubuhi. Dagaa walioanikwa saa tano hawakauki siku hiyo, hasa mchangani. Usiku wanapata unyevu, wanavunjika, wananuka, na mnunuzi wa jumla anawapangia bei ya chakula cha kuku. Tajiri hakuiona hasara hiyo kwa sababu alishauza mabichi kwa ndoo. Chanja zilizoinuliwa mita moja kutoka ardhini, zenye wavu juu, zinapitisha hewa juu na chini na zinasaidia sana, lakini hazirudishi saa tatu za jua. BMU ina uwezo wa kupanga saa ya mwisho ya kutia nanga, na ingefanya vizuri kuwauliza waanikaji kwanza.

Simu nayo imeingia hapo hapo. Nahodha akiwa bado majini, mtandao ukishika, anapiga kusema amepata ndoo ngapi, na mnunuzi aliyetanguliza pesa kwa simu ameshamaliza kabla boti haijagusa mchanga. Mama aliyekuja na beseni na maneno mazuri, aliyezoea kuchukua leo na kulipa keshokutwa, anakuta hakuna kilichobaki. Bei inajulikana kwa wote, na hilo ni jema, ila mkopo wa kuaminiana umepungua. Vikundi vya akiba vya wanawake vinavyoweza kutanguliza pesa kwa pamoja vimejitetea vizuri kuliko mtu mmoja mmoja.

Turudi majini. Je, taa za sola zinamaliza dagaa? Jibu la haki ni kwamba zinaweza kuharakisha, lakini ziwa lenyewe lilikuwa limebadilika kabla yake. Maji ya juu yamepata joto, na tabaka la juu lenye joto halichanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 hivi wa samaki. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina hewa ya samaki kwenye mita mia na kitu za juu tu. Chini ya hapo ni akiba ya rutuba isiyopanda bila upepo wa kutosha. Kwa hiyo kila chombo kinachoongeza nguvu kinaiongeza juu ya ziwa linalozalisha kidogo kuliko zamani.

Hapo ndipo urahisi wa LED unakuwa tatizo. Mafuta yalikuwa breki. Aliyetaka taa kumi na mbili badala ya sita alilipa 45,000 kila usiku, na akili ikamrudisha. Kwa sola analipa mara moja, na jirani yake akiona anaongeza naye. Fizikia haiwaungi mkono. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukizidisha taa mara mbili, umbali unaofikiwa na mwanga ule ule hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 1.4 kwa kadiri ya juu kabisa, na maji yanayomeza mwanga yanaupunguza zaidi. Vyombo kumi vikifanya hivyo katika eneo moja, vinanyang'anyana dagaa wale wale. Mwenye taa nne na betri ya kuazima ndiye anayerudi na ndoo tupu. Baada ya misimu miwili wote wana taa kumi na mbili, wote wana deni, na dagaa ni wale wale au wamepungua.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito. LED nyeupe ya ubaridi ina bluu nyingi, na bluu ndiyo inayopenya mbali kwenye maji maangavu kama yetu. Ile yenye umanjano inakaribia karabai. Chombo kinachotumia nyeupe ya ubaridi kinaweza kuvua vile vile kwa wati chache, na hilo liwe sababu ya kupunguza taa badala ya kuziongeza. Vilevile zisiwashwe karibu na ufuko, ambako watoto wa Limnothrissa wanakulia. Dagaa wa urefu wa njiti ya kiberiti, aliyekaushwa, hana hata bei.

Mwalo unaotaka kujiwekea kikomo uhesabu wati badala ya taa, maana taa moja inaweza kuwa ya wati 5 au 50. Wati 60 kwa chombo, kwa mfano, ni rahisi kukagua: mita ya kubana waya ikisoma zaidi ya ampea tano kwenye nyaya ya betri ya volti 12, amezidisha. Ukaguzi unafanyika ufukweni jioni kabla ya kutoka, dakika mbili kwa chombo. Afisa uvuvi aitwe mapema, ili kikomo cha mwalo kisigongane na kanuni za serikali na ili kiwe na meno.

La mwisho ni betri iliyokufa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Kwa ya kilo 28 unazungumzia zaidi ya kilo 15 za sumu pamoja na lita kadhaa za tindikali. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba inapasuliwa kwa shoka, tindikali inamwagwa mchangani, na risasi inayeyushwa kwenye sufuria kuukuu kutengenezea chubwi za nyavu. Moshi ule na vumbi lile vinaingia kwa watoto wanaocheza pale pale, na risasi inaathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dalili hazionekani mapema. Mtoto anakuwa mzito darasani na hakuna anayehusisha na sufuria ile.

Betri chakavu ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na bei hiyo inategemea uzito wake ikiwa nzima, na maji yake ndani. Kwa hiyo makubaliano ya mwalo yanaweza kuwa mafupi: anayeleta betri mpya aandikishe namba yake kwa BMU, na ikifa airudishe nzima kwenye banda moja lenye sakafu ya saruji na paa. Zikifika kumi au ishirini zinapakiwa pamoja kwenda mjini, zikiwa zimesimama, vifuniko juu, juu ya turubai, na pesa inarudi kwa mwenye betri baada ya kukata nauli. Chubwi zinunuliwe zilizo tayari, au zitengenezwe kwa mawe yaliyotobolewa na vipande vya nondo. Aliyekwisha kumwagikiwa na tindikali asuuze ngozi kwa maji mengi kwa dakika ishirini, na iliyomwagika chini inyunyiziwe majivu ya kuni au magadi hadi itakapoacha kutoa povu, kisha mchanga ule uchotwe na kufukiwa mbali na ziwa na visima.